Minyororo ya Theluji Kwenye Udongo Mwekundu

Mume wangu aliikuta minyororo ile ndani ya boksi la chuma chini ya kiti cha lori, wiki ileile aliyolileta kutoka Dar es Salaam. Lori lilikuwa mtumba. Lilishafanya kazi miaka mingi katika nchi za baridi kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu, na mwenyewe wa zamani alisahau vitu vyake ndani: glovu moja ya manyoya, kipande cha plastiki cha kukwangulia barafu kwenye kioo, na hilo boksi. Mume wangu alilivuta mpaka barazani petu Ujiji, akamwaga vilivyomo kwenye sementi. Kishindo chake kiliwatoa majirani nje.

"Ya kufungia nini hii?" nikamuuliza.

"Matairi. Huko lilikotoka barabara zinafunikwa na theluji. Gari haliendi mpaka ulivalishe minyororo."

Theluji nimeiona kwenye televisheni tu. Niliinama nikashika pingili moja. Ilikuwa ya baridi kuliko sementi yenyewe, na nilipoiachia, mkono ulibaki na kutu na harufu ya mafuta ya zamani. Nilifikiri ataiuza kwa wanunua chuma chakavu. Badala yake aliiosha kwa dizeli, akaianika juani kama mtu anavyoanika dagaa, akairudisha kwenye boksi.

Kazi yangu ni dagaa. Ninanunua kwenye mialo ya kusini mwa Ilagala, huko wavuvi wanakoshusha samaki alfajiri na wanawake wanawaanika kwenye mchanga mpaka wakauke. Zamani nilikuwa nasafirisha kwa boti, lakini boti hulowesha mzigo, na dagaa akishalowa tena amekwisha. Ndiyo maana tukanunua lori. Mume wangu akawa dereva wangu, na utingo wetu, yaani yule anayepanga mzigo na kuweka mawe nyuma ya tairi, alikuwa mzee mmoja Muha wa Gungu, mtu mzima mwenye mvi, aliyeona malori mengi na kusema machache.

Kiangazi njia ile haina shida zaidi ya vumbi. Mvua zikianza kuna mlima mmoja ambao kila dereva wa kusini anaujua. Barabara imechongwa ubavuni mwake. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Macho yanashuka korongoni, yanapita juu ya vichaka na mawe, yanaishia ziwani. Udongo wenyewe ni mfinyanzi. Ukilowa unang'aa kama uliopakwa mafuta, na gari likianza kuserereka halisikii breki wala usukani.

Madereva walikuwa na utaratibu wao pale, hakuna aliyeuandika. Mvua ikinyesha, hakuna anayepanda. Malori yanapangana chini ya mlima karibu na kibanda cha mama anayepika chai, watu wanalala chini ya mabodi, wanacheza karata, wanangoja jua likaushe njia. Jua likitoka anapanda mmoja peke yake. Wengine wanatega sikio. Akifika juu anapiga honi ndefu, na honi hiyo ndiyo ruhusa ya anayefuata. Hakuna aliyemcheka aliyengoja siku mbili. Niliwahi kuona dereva mwenye lori kubwa kuliko yote akikaa pale mpaka nyanya zake zikaanza kutoa maji, wala hakuna aliyemsema.

Mume wangu alikuwa mwoga kuliko wote, na mimi nilimpendea hilo. Alikuwa anashuka garini, anakunja suruali, anapanda mlima kwa miguu na kijiti mkononi, anachoma matope kila hatua kupima kina chake. Anarudi amelowa, ananiambia, "Mama, leo tunalala." Tunalala.

Mwaka ule aliopata lori, alianza kutazama video kwenye simu. Jioni baada ya chakula aliketi mlangoni, mwanga wa simu usoni, akiangalia barabara za milimani huko Ulaya na Marekani, nyeupe tupu, malori yakiteleza taratibu na kujipanga kama vinyago, madereva wamepiga magoti kwenye theluji wakifunga minyororo. Alijifunza humo namna ya kuitandaza, kuipandishia tairi, kuibana kwa ndani kwanza halafu kwa nje. Mimi nilipochungulia niliona kitu kingine. Magari yote yaliyovaa minyororo yalikuwa yanatambaa. Hata mtembea kwa miguu angeyapita.

"Mbona yanakwenda polepole hivi?" nilimuuliza.

"Wale wana theluji," akasema, na kusogeza video nyingine.

Mara ya kwanza kuivalisha ilikuwa mvua za kwanza za msimu uliofuata. Malori manne yalikuwa yamelala chini ya mlima. Mume wangu na utingo walilala kwenye matope, wakafunga tairi za nyuma, watu wamewazunguka wakiuliza maswali. Tukapanda. Sauti yake sijawahi kuisahau: krak, krak, krak, kama kitu kinachotafuna mifupa chini yetu. Lori lilitikisika mpaka meno yangu yakagongana, lakini halikuteleza hata kidogo. Juu alipiga honi, na kutoka bondeni tulisikia watu wakishangilia kama wamefunga goli.

Tangu siku hiyo mume wangu alibadilika. Alibadilika kidogokidogo, lakini mimi niliyekaa naye kwenye kiti kimoja niliona. Aliacha kijiti. Aliacha kukunja suruali. Tukifika chini ya mlima alikuwa anapita malori yaliyolala huku amenyoosha mkono dirishani kuwapungia. Wafanyabiashara wa dagaa walianza kumtafuta, kwa sababu mzigo wake ulifika wakati wa wengine haujafika. Alianza kuvuta waliokwama, na waliovutwa walimsifia, na sifa zilimkaa mwilini kama nguo mpya.

"Siku hizi hushuki kuangalia njia," nilimwambia mara moja, tukiwa kwenye kona mbaya kuliko zote.

"Minyororo inaangalia," akajibu.

Mzee utingo ndiye aliyeniita siku moja nyuma ya lori, tulipokuwa tunapakia mwaloni. Alikuwa ameushika mnyororo mmoja mapajani mwake.

"Shemeji, tazama hapa."

Pingili zilikuwa zimelika. Kule kwao, aliniambia, chuma hiki kilikanyaga barafu. Hapa kinakanyaga mawe yaliyojificha chini ya matope. Pingili nyingine zilikuwa zimekonda kama bangili ya mtoto, na mbili mume wangu alizifunga kwa waya wa kufungia nondo.

"Umemwonyesha?" nikauliza.

"Nimemwonyesha. Amesema itamaliza msimu."

Nilimwambia na mimi, usiku huohuo tukila. Alinisikiliza, akasema ataagiza mingine Dar, na kweli aliagiza. Haikufika kabla ya siku ninayoisimulia.

Siku hiyo tulitoka mwaloni asubuhi, mzigo umejaa hadi juu na turubai limefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kukatika. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo haikuonekana. Kwa kawaida baada ya mvua milima ile inasogea, unaweza kudhani utaihesabu miti yake, lakini asubuhi hiyo mahali pake palikuwa na ukuta wa wingu jeusi lililogusa maji. Ziwa lilitulia na kuwa na rangi ya risasi. Mwanamke aliyenipimia dagaa alilitazama wingu, akasema kwa Kiha kitu ambacho sikukidaka chote, halafu akaanza kukusanya dagaa wake mchangani kwa haraka bila kuniaga.

Chini ya mlima tulikuta malori mawili yamelala, na nyuma yake gari dogo jeupe la abiria. Dereva wake nilimfahamu. Alikuwa kijana wa Ilagala, mwembamba, kila siku jezi ya mpira, aliyekuwa akibeba watu kati ya vijiji vya ufukweni. Mara nyingi alinifikishia salamu na vifurushi kwa wateja wangu, na hakuwahi kupoteza hata kimoja. Alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeamkia hapa?"

"Tangu saa moja. Nina mgonjwa, mama. Mtoto mchanga, anachemka. Mama yake amelia mpaka amechoka." Halafu akazunguka upande wa mume wangu. "Broo, vipi, mlima unapitika?"

Mume wangu alikuwa ameshashuka anasaidiana na utingo kutandaza minyororo. Aliinua kichwa akautazama mlima. Aliutazama tu, kwa macho, kutoka pale alipopiga magoti.

"Unapitika," akasema. "Wewe kaa nyuma yangu. Mimi napasua matope, wewe unakanyaga nilipokanyaga kabla hapajajaa maji. Gari lako jepesi, litapanda."

"Nisingoje honi?"

"Ukingoja honi lile litakuwa limefika." Akaonyesha wingu kwa kidole.

Mzee utingo alisimama akajifuta mikono kwenye suruali. "Tairi zetu zina meno," alimwambia yule kijana. "Tairi zako hazina." Dereva mmoja wa malori yaliyolala naye akapaza sauti kutoka kibandani kwamba pale watu wanapanda mmojammoja. Kijana aliwatazama wote wawili, akamtazama mume wangu, halafu akageuka kumwangalia yule mwanamke mwenye mtoto aliyekuwa amesimama kando ya gari, khanga imefunika kitoto chote. Akasema, "Twende."

Tukapanda. Ukirudi kutoka kusini, ziwa liko kushoto, na mimi nakaa kushoto. Chini ya kioo changu sikuona barabara. Niliona vichwa vya miti. Krak, krak, krak. Tope lilirushwa na tairi likapiga mlango kama mtu anayetaka kuingia. Nilitazama kioo cha pembeni nikaliona gari jeupe nyuma yetu, karibu mno, linayumba mkia kushoto, kulia, kushoto.

"Anayumba," nikasema.

"Atanyooka."

Kabla ya kona kubwa kuna mahali pamelala kidogo, panatosha lori moja kupumua. Tulipofika hapo tu nikasikia honi. Ilikuwa nyembamba, ndefu, haikatiki, na ilitoka nyuma. Nilitazama kioo. Gari jeupe lilikuwa linarudi chini. Pua yake ilitutazama sisi, tairi za mbele zinazunguka kwenda mbele, na lenyewe linarudi nyuma taratibu, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kutaka kugeuza mgongo. Mkia ukaelekea ukingoni. Tairi la nyuma la upande wa ziwa likapita ukingo. Tumbo la gari likakaa juu ya udongo, kisiki kikalipokea kwa nyuma, likasimama. Honi ikakatika. Nikasikia watu wakipiga kelele humo ndani, na juu ya kelele zote sauti ya yule kijana: "Msitikisike! Jamani, msitikisike!"

Mume wangu alikuwa ameshakanyaga breki. Alishuka akakimbia, akaanguka, akaserereka kwa makalio, akainuka. Nilipowafikia alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono ameitanua kana kwamba anaweza kulizuia kwa mikono. Kijana alikuwa kwenye usukani, mguu umeganda kwenye breki, mishipa ya shingo imesimama.

"Usiachie," mume wangu akamwambia.

"Siachii, kaka."

Waya wetu wa kuvutia ulikuwa mfupi. Kutoka pale lori liliposimama haukufika hata nusu. Mume wangu aliutazama waya, akalitazama lori, na nikajua anachofikiria kabla hajasema.

"Vua minyororo," alimwambia utingo. "Tutaunganisha."

"Ukiivua, lori litashikwa na nini?"

"Na mawe."

Tulikusanya mawe. Sijawahi kubeba mawe namna ile, hata siku tunajenga. Tuliyapanga nyuma ya kila tairi, utingo akayapigilia kwa mpini wa jeki, halafu wakaivua minyororo, wakaitandaza njiani na kuiunga ncha kwa ncha na ule waya. Ilifika. Ilifika kwa shida, mpaka mume wangu akalala kifudifudi matopeni kuishikiza kwenye ndoano iliyo chini ya bampa la gari dogo. Ikakazwa. Upepo ulikuwa umeanza kutoka ziwani, wa baridi, na matone ya kwanza yaliniangukia shingoni.

Walitoka mmojammoja kupitia milango ya upande wa mlima. Kwanza nilipokea mtoto dirishani. Alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa, macho nusu wazi, wala halii. Mama yake akafuata, akamnyakua mikononi mwangu. Baadaye wavuvi wawili. Kila mtu aliyetoka gari lilitoa mlio na kuinuka kidogo, na kila lilipoinuka sote tuliacha kupumua. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mnene aliyeshikilia khanga yake iliyonasa kwenye mlango akisema "Mana yanje, Mana yanje," akimwita Mungu wake, mpaka mvuvi mmoja akaichana.

Akabaki dereva.

"Sasa wewe," mume wangu akamwambia. Alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, wanatazamana uso kwa uso. "Vuta handibreki."

"Haishiki, kaka. Siku nyingi."

"Basi litie gia, fungua mlango wako, halafu ruka kwangu. Nitakudaka."

"Haya."

Alitia gia. Niliuona mkono wake unavyosogea, polepole, kama anayechukua yai chini ya kuku. Alifungua mlango. Alitoa mguu mmoja nje, kiatu cha plastiki cha bluu, kikagusa udongo. Mume wangu alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Nadhani walishikana vidole. Yeye anasema walishikana, mimi sina hakika.

Udongo ndio ulioondoka. Ukingo wote ule, kipande kirefu kama chumba, ulikatika bila kelele na kushuka na kisiki chake. Minyororo ilijikaza, ikapiga mlio kama kengele, lori letu juu likaruka na kurudi kwenye mawe. Minyororo haikukatika, hata pingili moja. Ndoano ya gari ndiyo iliyong'oka na bampa lote. Gari likageuka mara moja, mbili, likatoweka vichakani. Mume wangu alibaki amelala ukingoni, kichwa kinaning'inia, wavuvi wamemshika miguu.

Kwa muda tulisikia vitu vikivunjika huko chini. Halafu mvua ikaja.

Madereva waliolala walipanda mbio wakiwa na kamba. Waliteremka na wavuvi, na mimi nikateremka nyuma yao nikishika mizizi, kwa sababu sikuweza kubaki juu na uso wa mume wangu. Tulimkuta kijana katikati ya korongo, amerushwa nje, amelala chali kwenye nyasi kana kwamba amepumzika. Gari lilikuwa mbali zaidi, kwenye mawe karibu na maji. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi, mvua inaingia, hapepesi. Nilimkinga kwa kiganja changu.

"Wametoka?" akaniuliza.

"Wametoka wote."

"Mtoto?"

"Yuko na mama yake."

"Haya," akasema.

Tulimpandisha kwenye turubai letu. Juu, wale madereva ndio waliolivalisha lori minyororo. Mume wangu hakuweza kukaza hata kibano kimoja. Hakuna aliyemlaumu. Ningependa wangemtukana. Mama na mtoto waliingia mbele. Kijana tulimlaza nyuma juu ya magunia ya dagaa, mahali palipokuwa laini, mimi kichwani kwake na mzee utingo miguuni, turubai juu yetu.

Mume wangu alipanda bodi kabla ya kuondoka, akainua pembe ya turubai. "Kuna kona nne za kushuka," aliniambia. "Siwezi kukimbia. Nikikimbia tunakwenda wote. Hali yake ikibadilika, gonga paa la kebini, nitajua."

"Nitagonga."

Lori likamalizia kupanda, likaanza kushuka upande wa pili wa mlima. Kwenye mteremko mzigo unasukuma kutoka nyuma, na minyororo iko nyuma, kwa hiyo pua ndiyo inayotafuta korongo. Alikuwa anashusha kwa gia ya kwanza. Krak. Kimya. Krak. Kila pingili niliisikia peke yake. Mara mbili lori liliteleza kwa mbele na kusimama, nikasikia kupitia bati mama wa mtoto akisoma dua. Harufu ya dagaa ilikuwa nzito chini ya turubai. Kijana aliniomba maji, nikamlowesha midomo kwa ncha ya mtandio wangu. Alimwita mama yake mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita kutoka chumba cha pili. Baadaye mkono wake uliokuwa umeshika wangu ukawa mkono tu.

Mzee utingo alimgusa mguu, akaniangalia. Akainua ngumi kuelekea paa la kebini.

Nilimshika mkono. "Usigonge," nikamwambia. "Bado kona mbili."

Aliuteremsha mkono. Tulikaa hivyo, wote watatu, mvua ikipiga turubai, na mbele yetu, nyuma ya bati, mume wangu akiendesha kwa uangalifu wote aliobarikiwa nao, akijitahidi asimtikise mgonjwa. Nilimfumba macho kijana, nikamfunika uso kwa mtandio. Nilihesabu kona. Lori liliponyooka na barabara ikawa tambarare, na kasi ikaanza kupanda kwa sababu sasa angeweza kukimbia, ndipo nilipogonga.

Alisimamisha. Alizunguka nyuma, akainua turubai, akauona mtandio.

"Tangu wapi?" akauliza.

"Kona ya pili."

Alitikisa kichwa kukubali. Akarudi kwenye usukani, kwa sababu kulikuwa na mtoto bado anachemka.

Mtoto alipona. Ilikuwa malaria, muuguzi wa kituo cha afya alimwekea dripu na jioni alinyonya. Dagaa wote waliharibika. Askari wa barabarani waliandika maelezo yetu, na mume wangu aliwaambia kila neno alilolisema chini ya mlima, mpaka askari mmoja akamwambia inatosha. Walisema hakuna kosa la kumfungulia kesi.

Maziko yalifanyika Ilagala kesho yake. Tulikwenda, tukasimama na watu, tukarudi. Mume wangu hakula vizuri tangu hapo. Hakulala vizuri pia. Ile minyororo alimpa mzee utingo akaiuze au aitupe, na lori likakaa kwenye uwanja wetu mpaka nyasi zikaota kati ya matairi. Minyororo mipya ilipofika kutoka Dar hakuifungua, aliirudisha kwa basi lilelile. Mimi nilirudi kwenye boti, nikalowa na dagaa wangu kama zamani.

Baada ya arobaini aliniambia, "Nataka kwenda kwa yule mama." Sikumuuliza mama gani.

Nyumba ilikuwa karibu na mto, ya tofali za kuchoma, na uani kulikuwa na nyavu zimeanikwa. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mrefu, wa rika langu, na alitukaribisha kama wageni wa kawaida. Alitutandikia mkeka. Mume wangu hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, mimi ndiye dereva wa lori. Mwanao aliniuliza kama mlima unapitika. Nikamwambia unapitika. Sikushuka kuangalia. Watu wazima wawili walimkataza, mimi nikamwambia anifuate."

Yule mama alimtazama. Nyuma yake sufuria ilikuwa inachemka jikoni, kifuniko kinacheza, na hakuna aliyekwenda kukiinua.

"Nilikuwa najua," akasema mwishoni. "Waliniambia siku ileile. Nilikuwa nangoja kuona kama utakuja."

Mume wangu aliiweka kofia yake chini.

Mama akanigeukia mimi. "Ni wewe uliyekuwa naye?"

"Ni mimi."

"Aliumia sana?"

"Aliomba maji nikampa. Alikuita. Halafu akatulia."

"Aliniita vipi?"

Nikamwambia alivyoita, neno lenyewe, na sauti nikajaribu kuifanya ileile, ya mtu asiye na wasiwasi. Alisikiliza kichwa ameinamisha. Akaniomba nirudie, nikarudia. Baadaye aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji. Aliporudi alikuwa na sinia la ugali na samaki wa migebuka, na birika la kunawia. Alimnawisha mume wangu mikono mwenyewe, maji yakamwagika polepole juu ya vidole vyake.

"Kaa ule," akamwambia.

Mume wangu alikaa. Alikata tonge, likamshinda kumeza, akakata jingine. Yule mama yeye hakula. Alikaa ukingoni mwa mkeka, mikono mapajani, akimtazama anavyotafuna, na hakuyaondoa macho yake mpaka sinia likaisha.